Maneno 11 kwa siku: kisa cha mtu aliyehamia mji wenye kimya

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa na daftari mkononi, akaliweka mezani kabla hata hajakaa sawasawa. Daftari dogo la mistari, jalada la bluu, kalamu imechomekwa kwenye waya wa pembeni. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na mbele ya kila tarehe namba. Nikadhani ni hesabu za matumizi ya nyumbani. "Hapana, dada," akasema. "Ni maneno niliyotamka siku hiyo kwa mtu aliyesimama mbele yangu. Mke wangu simhesabu." Jumanne: 11. Jumatano: 4. Alhamisi: 2, na pembeni ameandika "ahsante, ahsante". Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri.

Ni miaka 9 sasa najitolea kuwapokea watu wanaohamia ugenini. Nimesikiliza mengi, lakini daftari lile lilinikaba koo. Mtu mzima, mwenye kazi yake na akili zake timamu, ameanza kuhesabu maneno kama anayepima maji yaliyobaki mtungini.

Kisa chake nakiandika chote, pamoja na pale nilipokosea mimi, kwa ruhusa yake. Jina, mji na nchi sitavitaja, na vitu vidogovidogo vinavyoweza kumtambulisha nimevibadilisha. Nitamwita Kaka, kama nilivyomwita tangu siku ile.

Kaka ana miaka 34. Alisomea elektroniki, ila kazi inayomlisha ni ya kuchambua takwimu kwa kompyuta. Mkewe ni muuguzi. Alipata ajira katika hospitali ya mji mdogo ng'ambo, wakashauriana, wakakubaliana kuhama. Kaka alibaki na mwajiri wake wa zamani, akawa anafanya kazi kwa intaneti kutoka chumba cha pili cha nyumba yao. Kwa hiyo mke alipata nchi mpya na wafanyakazi wenzake wapya kwa mpigo. Mume alipata nchi mpya na ukuta.

Miezi miwili ya mwanzo alikuwa na furaha ya kweli. Alitoka mahali penye kelele mchana na usiku, na kimya kile alikipokea kama likizo. Alimpigia mama yake akamwambia anasikia ndege asubuhi. Mwezi wa tatu mambo yakageuka, na kwangu alifika mwezi wa saba, akiwa na swali aliloliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba majibu ya vipimo: "Dada, hawa watu wamenichukia, au ni mimi nimeharibika?"

Mlio wa usiku

Nianze na masikio, maana hofu yake ilianzia hapo. Kila akilala alisikia mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Usiku mmoja, mkewe akiwa zamu, aliamka saa nane akachomoa friji. Mlio uko palepale. Akachomoa ruta na chaja zote, mwisho akaenda kwenye kisanduku cha umeme akazima swichi kuu. Akasimama gizani na tochi ya simu. Mlio ukaendelea. Mkewe aliporudi asubuhi alikuta maji ya friji yametapakaa sakafuni, na mume amelala kwenye kiti na koti lake.

Alikwenda kwa daktari, akapimwa usikivu, akaambiwa masikio ni mazima. Jibu hilo halikumtuliza. Kama masikio ni mazima, aliniambia, basi tatizo liko kichwani.

Nilimweleza jambo ambalo nadhani kila anayehamia mji wa kimya angefaa kuambiwa wiki ya kwanza. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu wazima 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisikia kitu: mvumo, mlio, filimbi ya mbali. Mfumo wa usikivu una sauti zake wenyewe, na kelele za kila siku huzifunika. Ukiondoa kifuniko, zinasikika. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa na maana nyingine, ila kwa Kaka maneno yale yalikuwa kweli kwa herufi zake.

Daktari alikuwa hatua sahihi, nasisitiza hilo. Mlio wa sikio moja tu, au unaokuja na kizunguzungu, au kupungua kwa usikivu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, si wa kusubiri. Kwa Kaka, aliyekwisha kupimwa, feni ndogo iliyoelekezwa ukutani usiku ilitosha. Wiki ya pili alikuwa analala. Nilifurahi, nikajidanganya kwamba tumeshafika nusu ya safari.

Karatasi mlangoni

Mwezi wa nne alikuta karatasi imebandikwa mlangoni pake kwa gundi ya karatasi. Mistari mitatu, mwandiko wa mkono: tafadhali, redio ipunguzwe baada ya saa nne usiku, sakafu inapitisha sauti, ahsante. Haikuwa na jina. Aliniletea karatasi yenyewe, ameikunja mara nne, na kwenye mikunjo imeanza kuchanika. Alikuwa ameisoma mara nyingi mno.

Kuanzia siku hiyo hakufungua redio tena, hata mchana. Alitembea na soksi. Kikombe akikiweka mezani, kwanza anatandika kitambaa. Alikuwa akisubiri kwa sikio mlangoni mpaka ngazi ziwe tupu ndipo atoke kutupa taka, asikutane na aliyeiandika. Miezi mitatu mtu anaishi kwake kama mwizi.

Niliisoma karatasi ile mara mbili nikamuuliza: neno la chuki liko wapi? Akaitazama. Hakuliona. Kilichomchoma kilikuwa ule ukimya ulioizunguka. Alikotoka, jirani mwenye neno anakuja kugonga, mnasemezana, mnaelewana au mnagombana, lakini uso umeuona. Karatasi isiyo na uso aliijazia uso mwenyewe, na uso aliouchora ulikuwa mbaya.

Nilimwomba aijibu. Aliandika rasimu tatu, ya kwanza ukurasa mzima wa kuomba radhi. Tuliibakisha mistari miwili: samahani kwa redio, sikujua sakafu inapitisha sauti, hii ni namba yangu ya simu, ukisikia tena niambie. Akaiacha kwenye mlango wa chini. Kesho yake jioni simu ikalia ujumbe: "Ahsante. Ninafanya kazi alfajiri, nalala mapema. Mchana fungua redio unavyotaka." Basi. Yule jirani hajawa rafiki yake hadi leo, na sidhani atakuwa. Wakikutana ngazini wanasalimiana kwa jina. Lakini jioni ile Kaka alivua soksi, akatembea chumba hadi chumba akisikiliza nyayo zake. Aliponisimulia alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Basi lisilo na mazungumzo

Ushahidi wake mwingine wa kuchukiwa ulikuwa basi. Anapanda, hakuna anayemtazama. Kiti cha pembeni yake kinabaki kitupu mpaka viti vingine viishe. Anashuka, hakuna aliyemwona.

Hapa nilikuwa mwangalifu. Kuna miji ambayo mgeni kweli anakwepwa kwa rangi yake au lafudhi yake, na kumwambia mtu kama huyo kwamba anajitungia ni kumjeruhi mara ya pili. Kwa hiyo sikumwambia kitu. Nilimtuma atazame: kwa wiki moja asihesabu nani amemtazama yeye, ahesabu wao kwa wao wanatazamana mara ngapi. Alirudi na jibu lililomshangaza. Hawatazamani. Anayepanda huchagua kiti kilicho mbali na kila mtu, awe nani. Wazee wawili wanaoshuka kituo kimoja kila siku hawakusemezana wiki nzima.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliieleza tabia hii mwaka 1963. Watu wasiojuana wakikutana hadharani, hutupiana jicho fupi la kutambuana, kisha kila mmoja huliondoa jicho lake, ili mwenzake ajue kwamba hamshuku wala hamwogopi. Ni adabu, na mahali pengine imekolea kuliko pengine. Kaka alikuwa anaisoma adabu hiyo kwa kamusi ya nyumbani kwake, na katika kamusi hiyo kumpita mtu bila kumwamkia ni tusi.

Halafu nikafungua daftari. Ijumaa fulani ya mwezi wa sita: 7. Ilikuwaje siku hiyo? Akafikiri. Basi lilifunga breki ghafla, simu ikamtoka mkononi ikateleza hadi chini ya viti vya mbele. Watu watatu waliinama kwa pamoja. Mmoja aliifuta kwa kiganja cha mkono kabla ya kumrudishia, akauliza kama kioo kimevunjika. Jambo hilo alikuwa amelisahau kabisa. Namba aliiandika, watu akawaacha.

Kungoja ipite

Tangu mwezi wa tatu alikuwa na maelezo aliyoyasoma mahali: kuhama kuna hatua, kwanza fungate, halafu mshtuko, halafu kupanda taratibu hadi kuzoea. Picha hii ni ya zamani. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, aliisambaza kwa makala yake ya mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni. Kabla yake, mwaka 1955, Sverre Lysgaard wa Norwei alichapisha utafiti juu ya Wanorwei zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema walizoea vizuri, waliokaa zaidi ya miezi 18 pia, na waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliotaabika. Ukiichora inakuwa bakuli.

Kaka aliitumia bakuli hiyo kama kalenda. Yuko chini, atapanda, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kungoja. Ninalopenda watu walijue ni hili: Lysgaard hakumfuata mtu mmoja kuanzia siku ya kwanza hadi mwezi wa 18. Alilinganisha watu tofauti waliokaa muda tofauti. Bakuli ile haikuahidi kwamba wewe, ukikaa kitako na kungoja, utainuka. Na watafiti waliokuja baadaye wakawafuata watu walewale kwa miezi, akiwemo Colleen Ward na wenzake, walikuta mara nyingi taabu ni kubwa mwanzoni kabisa, bila fungate lolote.

Miezi minne mtu alikaa ndani akisubiri mwezi wa 18 umfikie. Siwezi kumlaumu. Kungoja kunafanana sana na subira, na subira tumefundishwa kuiheshimu.

Dawa ya ugonjwa mwingine

Sasa kosa langu. Nilipoona amepungukiwa na watu, nilimtafutia watu. Katika jiji kubwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa treni, wenzetu wa kutoka kwetu hukusanyika mara kwa mara. Nilimuunganisha, na katika miezi miwili alikwenda mara nne. Alicheka huko, akazungumza lugha yake mpaka sauti ikamkauka. Daftari lilishindwa kuhesabu. Kisha Jumapili usiku anashuka kituoni mjini kwake, taa zimewashwa, hakuna mtu, na anatembea dakika 20 kwenda nyumbani. Kila mara alirudi na moyo mzito kuliko aliokwenda nao. Baada ya safari ya nne aliniambia, "Dada, kule ninakumbuka nilivyo. Nikirudi hapa ninajiona nilivyopungua."

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Yalinirudisha kwa Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani ambaye mwaka 1973 alitenganisha upweke wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kukosa mwandani, mtu wa kumfungulia kifua. Wa pili ni wa kukosa kundi: watu wanaokujua kwa sura, wanaokuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita, ambao bila wao hujui umesimama wapi katika mtaa. Weiss alishikilia kwamba kujaza pengo moja hakujazi lingine. Miongoni mwa aliowachunguza walikuwa wanandoa waliohamia eneo la Boston. Wake wale walikuwa na ndoa nzuri, na bado walikuwa wapweke, kwa sababu mume hawezi kuwa mtaa mzima.

Kaka alikuwa na wandani. Alikuwa na mkewe, na kila jioni alizungumza na ndugu na marafiki kwa simu, kwa muda wa saa mbili, wakati mwingine tatu. Simu hiyo sikuwahi kumwambia aikate, wala simwambii yeyote. Ila ilimshibisha njaa moja kiasi kwamba ile nyingine haikuwa na jina. Nami nikamwongezea wandani wengine kwa treni. Pengo lilikuwa chini ya dirisha lake.

Wifi

Mkewe nilionana naye mara moja, kwa ombi lake mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimesikia upande mmoja: anarudi amechoka, hataki kuongea, anaingia chumbani anafunga mlango. Kaka alikuwa anamngoja mlangoni na maneno ya siku nzima.

"Wifi," akaniambia, na macho yalikuwa mekundu kwa usingizi, "kutwa nzima naitwa. Kengele hii, kengele ile, muuguzi, muuguzi. Nikifika nyumbani nataka mahali ambapo hakuna anayeniita. Na yeye ndiyo kwanza anapata mtu wa kumwita."

Sikumbuki sentensi nyingine katika kisa hiki iliyonifundisha kama hiyo. Nyumba moja, kimya kilekile. Kwa mmoja ni tiba, kwa mwingine ni sumu, na wote wawili wana haki. Tulikubaliana kitu kidogo: akifika, nusu saa hakuna mazungumzo. Baada ya hapo wanatembea pamoja kuzunguka mtaa, hata mvua ikiwepo. Kutembea bega kwa bega kuliwasaidia kuliko kukaa uso kwa uso, kwa sababu anayetembea anaweza kunyamaza bila mwenzake kudhani amenuna. Mengine yao ni ya kwao.

Saa sita

Palikuwa na jaribio moja ambalo Kaka alilihesabu kama ushahidi wa mwisho. Mwezi wa tano alijiunga na kikundi cha mazungumzo kwenye maktaba, watu wanaojifunza lugha ya pale pamoja na wenyeji wachache wanaojitolea. Kila Jumatano, kwa muda wa saa mbili. Alikwenda mara tatu akaacha. "Walikuwa wapole, lakini hakuna aliyenitafuta." Na kila akirudi nyumbani alikuwa anapitia makosa yake ya lugha kitandani, moja baada ya jingine.

Nikamfanyia hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Mikutano mitatu, saa mbili kila mmoja: saa 6. Kisha nikamwambia alichokipata Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambaye aliwauliza watu wazima 355 waliokuwa wamehamia makazi mapya muda mfupi uliopita kuhusu mtu mmoja waliyemfahamu baada ya kuhama, na saa walizotumia pamoja naye. Kufikia urafiki wa kawaida kulichukua takriban saa 50. Rafiki kamili, kama saa 90. Rafiki wa karibu, zaidi ya saa 200. Namba hizi ni makadirio, na saa za kukaa tu ofisi moja hazikuwa na uzito kama za kukaa pamoja kwa hiari. Hata hivyo, mtu aliyetoa hukumu baada ya saa 6 alikuwa bado yuko barazani. Kwa saa mbili kila wiki, 50 zinatimia wiki ya 25. Nusu mwaka.

Alinyamaza. Kisha akasema, kwa unyonge, "Nyumbani sikumbuki kuwahi kuhesabu." Hakuna anayekumbuka. Marafiki wa utotoni tuliwalipia saa hizo tukiwa tunacheza, bila risiti, na ndiyo maana tukihama ukubwani tunadhani urafiki huwa unatokea tu.

Kuhusu yale makosa ya lugha aliyoyapitia kitandani: utafiti wa mwaka 2018, ulioongozwa na Erica Boothby, uliwakuta watu wasiofahamiana wakitoka kwenye mazungumzo kila mmoja akiamini amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Nilimsomea hilo mara mbili.

Tulibadilisha pia daftari. Badala ya maneno, ahesabu nyuso: mtu yeyote aliyemtambua au aliyetambuliwa naye. Wazo hili halikuwa langu. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, katika utafiti wao wa mwaka 2014, waliwapa watu vihesabio vya kubonyeza mfukoni, kimoja cha wapendwa wa karibu na kimoja cha watu wa kufahamiana tu, na wakaona kwamba watu wa kufahamiana tu nao wana mchango wao katika furaha ya siku. Sharti langu lilikuwa moja: mahali pachache, wakati uleule. Basi la saa moja na nusu, si lolote litakalokuja. Benchi moja la kando ya mto. Maktaba Jumatano, bila kukosa, hata akiwa hana la kusema.

Wiki sita hakuna kilichotokea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nyuso: 1, 2, 1, 0, 3. Wiki ya saba dereva wa basi alimwinulia vidole viwili kutoka kwenye usukani. Alinipigia simu kunieleza.

Redio ya mzee

Kilichofungua mlango kwa upana hakikuwa kwenye mpango wangu. Ukumbini mwa maktaba palikuwa na tangazo la meza ya matengenezo, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa muda wa saa tatu kila mara. Utaratibu huu ulianzia Amsterdam mwaka 2009, ulipoanzishwa na Martine Postma, na sasa uko katika nchi nyingi: watu huleta vifaa vilivyoharibika, na mafundi wa kujitolea hukaa nao kuvitengeneza bila malipo. Kaka alikwenda na hedifoni zake, waya umekatika ndani.

Alipokuwa kwenye foleni alimwona mzee fundi akihangaika na redio ya mbao ya mama mmoja. Ameifungua mgongo, ameshika testa, anapima hapa, anapima pale, anatikisa kichwa. Kaka anasema mikono ilimuwasha. Alisimama akitafuta sentensi katika lugha ile, akaitengeneza kichwani, akaivunja, akaitengeneza tena. Mwishowe alisema maneno matatu yenye kasoro: "Samahani. Fyuzi ndani?" Akanyoosha kidole kwenye kona ya bodi, ambako kijivyuma kidogo kilikuwa kimefichwa nyuma ya transfoma. Mzee alimtazama, akamtazama tena, kisha akamsogezea kiti kwa mguu na kumpa testa mkononi bila neno.

Redio iliwaka saa moja baadaye. Yule mama aliiwekea kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa, akisikiliza. Hedifoni za Kaka hazikutengenezwa siku hiyo, alizisahau mezani. Ukurasa wa Jumamosi ile kwenye daftari uko mtupu, hakukumbuka kuhesabu.

Miezi yote ile kila mlango aliougonga aliugonga kama mwombaji: mnifundishe lugha, mnikaribishe, mnitambue. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempanga hivyo, mgeni wa kuhudumiwa. Ilhali sisi ndio wenye methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu aliyekuja na ujuzi mikononi alikuwa anapungua kwa sababu hakuna aliyeuhitaji ujuzi huo. Siku hizi, kabla sijamuuliza mtu aliyehama anakosa nini, namuuliza anajua kufanya nini kwa mikono yake.

Naona pia kwa nini meza ilifanikiwa pale ambapo kikundi cha mazungumzo kilichelewa, ingawa kikundi hakukiacha tena. Mezani kuna kitu cha kutazama katikati yenu. Kimya kikiingia hakimwumbui mtu. Mnatafuta tu skrubu. Kwa watu wenye adabu ya kutotazamana, hapo ndipo mahali pazuri pa kuanza kusemezana.

Leo ni mwezi wa 16. Mji haujabadilika. Jumapili bado ni ndefu, na mbali na mkewe, mwandani wa kumwambia yote hana mjini pale. Mzee wa testa amemwalika kwake mara mbili. Mkataba wa mkewe unamalizika mwakani na hawajaamua kama watabaki. Aliponiambia hivyo niligundua kwamba ni mara ya kwanza nimemsikia akilitaja suala la kuondoka kama uamuzi wa kufikiriwa. Zamani lilikuwa njia ya kutorokea.

Mwezi uliopita alikuja na daftari lilelile la bluu. Amelipindua, ameanza kuandika kuanzia nyuma, na kurasa za namba za mwanzo zinakaribiwa. Ni orodha ya vifaa na wenyewe. Taa ya mezani, swichi: imepona. Pasi, waya wa plagi: imepona. Redio ndogo, spika: imepona. Mstari wa mwisho aliuwekea kidole nikausoma: kikausha nywele, mota imeungua, hakikupona, mwenyewe alikaa na sisi mpaka tunafunga.